Presha

Mwachoni aliingia Majengo Jumanne, jua la saa nane,
anaisukuma Honda yake ya silinda nne
kama mtu anayemrudisha mgonjwa nyumbani.
"Taa nyekundu," akasema. "Kwenye foleni ya feri,
kila nikisimama yawaka. Nikienda yazima.
Kata waya, fundi, nina haraka."

Waya haukatwi. Mtoto akilia humzibi mdomo,
wamuuliza alipoumwa.

Basi nikauliza.
Asubuhi, injini baridi, yawaka? Hapana.
Ukitoka nyumbani Mtongwe? Bado.
Ukikaa foleni nusu saa, imechemka, yanguruma chini chini?
"Hapo ndipo."
Nikachomoa kijiti, nikakifuta, nikakirudisha, nikakichomoa:
oili kimo sawa. Nikaisugua kwa kidole gumba.
Nyeusi, lakini haina mchanga. Nikainusa. Haina petroli.

Wako mafundi, siwataji,
wangemtilia oili nzito kama uji wa futari,
taa izime, aende zake.

Nikafungua ile swichi ndogo, nikafunga geji yangu,
ya shaba, kioo kimeufa,
niliyoinunua Shimanzi kwa baharia asiyejua thamani yake.
Nyevu, shika aksileta. Taratibu, mwanangu.
Baridi: pauni hamsini.
Tukangoja. Tukala mihogo ya jirani, ndimu, pilipili,
injini ikapata moto.
Arubaini. Ishirini na tano. Kumi.
Nne.

Taa haikusema uongo.

Na mimi asubuhi ile ile nilikuwa zahanati,
nesi Khuleta amenifunga mkanda mkononi,
akaujaza pumzi, akatazama mshale kama huu huu:
mia na sabini.
"Presha, fundi. Acha chumvi. Acha na hasira."
Ya pikipiki imeshuka, yangu imepanda;
laiti ningeunganisha mpira kati yetu, tukagawana.

Pampu? Valvu imekwama? Beringi za kranki?
Hupasui kifua kabla ya kutazama ulimi.
Nikalala chali juu ya boksi, nikamwaga oili kwenye karai,
nikalegeza bolti kumi kwa mshazari,
sampu ikashuka, na chujio ndani yake

limejaa nyuzi nyekundu, laini, zimesokotana,
kama minyoo.
Silikoni.

Nikaijua rangi. Kopo liko rafuni, nyuma ya redio.
Ramadhani iliyopita, kumi la mwisho, adhana yakaribia,
sampu ilikuwa yavuja tone moja tu,
na pale pa mstari mwembamba nilipaka kidole kizima,
nikafunga, nikakimbilia tende.

Nyevu ananitazama. Siku ile ndiye aliyenishikia tochi.
Mwachoni yuko nje na simu,
yuwamwambia mtu injini za zamani ndivyo zilivyo.
Petroli kidogo, mswaki mkuukuu, dakika tano,
na lawama ingebebwa na uzee.
Uzee haujitetei.

Nikamwita. Nikamwekea uzi mmoja kiganjani.
"Huu ni mkono wangu," nikamwambia.
Aliutazama sana.
Akaukunja ndani ya tikiti ya feri, akautia mfukoni.
Mpaka leo sijui anauwekea nini.

Magharibi ikatukuta na gasketi mpya ya karatasi, kavu,
oili mpya kwa pesa yangu.
Moto, mngurumo wa chini: pauni kumi na tatu.
Si ujana huo. Beringi zimeanza kulika,
na hilo nikamwambia pia, ingawa hakuuliza.
Lakini taa imezima.

Akaondoka. Nyevu akafuata mlio kwa sikio
mpaka ukapotea upande wa Mwembe Tayari.
Nikafuta geji. Mshale ulikuwa umerudi sifuri,
na mkononi bado nausikia ule mkanda wa nesi ukibana.

Mihogo iliyobaki ilikuwa na chumvi.
Nikaila.